Kuchora ramani ya barafu isiyoonekana: barafuto za mawe katika data ya mwinuko na picha za angani

Barafuto ya kawaida, yaani mto wa barafu unaoshuka mlimani polepole, haimpi mtu shida kuitambua. Ni nyeupe, inang'aa, na hata mtoto akionyeshwa picha ya setilaiti ataweka kidole juu yake bila kusita. Barafuto ya mawe ni jambo jingine kabisa. Ukiitazama kutoka juu huoni barafu hata chembe. Unaona mawe, tena ya rangi ileile ya majabali yanayoizunguka, yaliyolala mlimani mithili ya ulimi mrefu wa tope zito lililosimama kabla ya kufika bondeni. Chini ya mawe hayo, mara nyingi mita chache tu kutoka juu, kuna mchanganyiko wa mawe, mchanga na barafu unaojivuta taratibu kufuata mteremko kwa uzito wake wenyewe. Mchora ramani anatakiwa kuonyesha mahali barafu hiyo ilipo, au ilipowahi kuwapo, bila kuiona. Shahidi wake mkuu ni umbo la ardhi.

Ndiyo maana wataalamu wanaoshirikiana chini ya Jumuiya ya Kimataifa ya Mgando wa Kudumu, ambao tangu 2018 wamekuwa wakiandaa mwongozo wa pamoja wa kazi hii, wameielezea barafuto ya mawe kwa jinsi inavyoonekana kwenye mandhari. Kwa maelezo yao, ni umbo la mawe na vifusi lililotokana na kujivuta kwa ardhi iliyoganda, iwe kujivuta huko kunaendelea au kulikoma zamani, nalo hutambuliwa kwa ukingo wa mbele, kingo za pembeni, na mara nyingi matuta na mifereji juu yake. Mgando wa kudumu wenyewe ni ardhi yoyote ambayo joto lake hubaki chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi kwa angalau miaka miwili mfululizo. Kiasi cha barafu hakimo katika maelezo hayo, na hilo ni la makusudi, kwa kuwa hakuna picha inayoweza kukionyesha.

Swali la kwa nini tujisumbue lina jibu zito. Katika Andes kame za Chile na Argentina, mahali ambapo mvua ni adimu na barafuto nyeupe zinapungua, barafu iliyofunikwa na mawe huyeyuka polepole zaidi kwa sababu mawe hayo huikinga na jua, hivyo hubaki kama akiba ya maji. Argentina ilipitisha mwaka 2010 sheria nambari 26.639 inayolinda barafuto pamoja na mazingira ya ardhi iliyoganda, na sheria hiyo ikaagiza iandaliwe orodha ya taifa ya barafuto, zikiwemo za mawe. Chini ya sheria ya namna hiyo, mstari uliochorwa kwenye kompyuta unakuwa mpaka wa kisheria: upande mmoja mgodi unaweza kuchimbwa, upande wa pili hauwezi. Kwingineko, barafuto ya mawe inayokwenda kasi juu ya bonde lenye barabara inaweza kumwaga mawe yake kwenye korongo, na mvua kubwa ikayashusha yote kwa pamoja.

Data ya mwinuko ya kidijitali ni gridi ya namba. Ardhi imegawanywa katika miraba midogo, yaani pikseli, na kila pikseli imebeba urefu wake kutoka usawa wa bahari. Haina rangi wala kivuli. Ni urefu tu. Kutokana na namba hizo kompyuta hukokotoa mteremko, mwelekeo wa mteremko na mpindo wa uso, na humo ndimo umbo hujitokeza. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, mchora ramani anapaswa kuuliza pikseli yake ni kubwa kiasi gani. Swali hili hupuuzwa mno, na hapa nitakaa kidogo.

Tuchukue ukingo wa mbele wa barafuto ya mawe iliyo hai, yaani ambayo bado inatembea. Ukingo huo ni ukuta wa vifusi wenye mwinamo wa takriban digrii 35, karibu na kikomo cha mawe kujishikilia bila kuporomoka, na tuseme una kimo cha mita 20. Kwa hesabu ya pembetatu ya kawaida, ukuta huo unachukua kama mita 29 tu za ardhi ukipimwa kwa mlalo. Sasa ulete kwenye data ya mita 30, kama ile iliyotokana na upimaji wa rada uliofanywa na chombo cha anga za juu cha Marekani kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Ukuta mzima umemezwa na pikseli moja. Isitoshe, kompyuta inapokokotoa mteremko wa pikseli hulinganisha majirani zake wa pande mbili, yaani hupima tofauti ya urefu kwenye umbali wa mita 60. Mita 20 kwa mita 60 ni digrii 18 hivi, ikiwa ardhi ya juu na ya chini ya ukuta ni tambarare. Ukuta mkali wa digrii 35 umegeuka kilima cha kawaida. Matuta ya juu ya barafuto, ambayo mengi yana kimo cha mita moja hadi tano tu, hayatoi hata dalili.

Lete sasa data yenye pikseli ya mita mbili, kama inayopatikana kwa nchi za Aktiki kutokana na jozi za picha za setilaiti, au ya nusu mita kama iliyopo kwa Uswisi nzima kutokana na upimaji wa leza kutoka ndege. Ukuta uleule unapata pikseli kumi na zaidi kutoka kitako hadi kilele. Unaona kilele chake kilivyo chembamba na kikali, unaona kitako kinavyokutana na nyasi kwa ghafla, na nyuma yake matuta yamejipanga kwa mapindo, moja nyuma ya jingine, yakichomoza mbele kama mikunjo ya nguo iliyosukumwa ikakutana na kizuizi. Mikunjo hiyo ina sababu: sehemu ya nyuma inasukuma, ya mbele inapunguza mwendo kwa kuwa mteremko umelegea, na uso unakunjamana. Aliyeona hayo mara moja hayasahau, na ni haki kusema kwamba data ya mita 30 inafaa kueleza barafuto ya mawe ikishajulikana ilipo (mwinuko wake wa wastani, upande inaoelekea), lakini haifai kuitafuta.

Namba hizo husomwa kwa jicho kwa njia ya ramani ya kivuli. Kompyuta huwasha jua la kubuni na kupaka kila pikseli mwanga au giza kulingana na inavyolielekea. Kwa desturi jua hilo huwekwa kaskazini-magharibi, kwenye digrii 315, na digrii 45 juu ya upeo wa macho. Uchaguzi huu hauna uhusiano na jua halisi. Umetokana na jicho la binadamu, ambalo limezoea mwanga utokao juu; mwanga ukitoka chini ya karatasi, jicho hugeuza umbo, likaona mfereji ni tuta na tuta ni mfereji. Hapa pana mtego ambao huwanasa wengi wanaofanya kazi katika Alps au Himalaya. Huko jua halisi hutoka kusini wakati wa mchana, na picha ya angani ikiwekwa kaskazini juu, mwanga unatoka chini ya picha. Mtu anaweka picha hiyo kando ya ramani ya kivuli, na zinapingana waziwazi: matuta ya moja ni mabonde ya nyingine. Wala data haina kosa. Jicho ndilo lililodanganyika, na dawa yake ni kuigeuza picha kusini juu, au kuamini namba. Katika Andes za kusini mwa Ikweta tatizo hilo halipo, kwa sababu jua la mchana hutoka kaskazini.

Jua la kubuni nalo lina udhaifu wake. Tuta lililolala sambamba na miale halitupi kivuli, kwa hiyo halionekani. Mchora ramani mwangalifu hutengeneza ramani za kivuli kadhaa zenye jua la pande tofauti, au huweka ramani ya mteremko juu ya ramani ya kivuli, kwa kuwa mteremko hautegemei mwanga wowote. Kwenye ramani ya mteremko ukingo wa mbele na kingo za pembeni hujitokeza kama mkanda mmoja unaozunguka ulimi wenye uso mpole zaidi, na mkanda huo ukishaonekana, nusu ya kazi imekwisha.

Picha ya angani huleta yale ambayo mwinuko hauwezi kuyajua. Inaonyesha ukubwa wa mawe, mimea, theluji, maji na uchafu. Ukingo wa mbele wa barafuto hai mara nyingi ni mweupe kuliko uso wa juu, kwa sababu vifusi vidogo vya ndani huendelea kufunuliwa na kuporomoka, na kuvumwani, ule ukoga wa rangi unaoshika mawe yaliyotulia, haupati muda wa kuota. Ukingo uliofunikwa na nyasi au vichaka unasema mwendo umekoma au umekaribia kukoma. Chemchemi inayotoka chini ya kitako, kidimbwi cha maji juu ya uso, alama ya mawe yaliyoanguka juzi: yote haya ni ya picha peke yake.

Hata hivyo picha ina mahali pake pa kufeli, na kwa bahati mbaya ni palepale tunapopahitaji. Barafuto za mawe hupenda upande wa mlima usiopata jua, chini ya majabali marefu, kwa sababu huko ardhi hubaki imeganda kwenye miinuko ya chini zaidi. Picha iliyopigwa asubuhi au msimu jua likiwa chini hufunika eneo hilo kwa giza totoro. Picha ya mwanzo wa kiangazi nayo huwa na theluji iliyojaa kwenye mifereji, na mistari myeupe ya theluji hiyo inaweza kusaidia kuyaona matuta au kuficha kingo zote mbili. Picha bora ni ya mwishoni mwa kiangazi, saa za mchana, baada ya theluji ya mwaka kuyeyuka na kabla ya mpya kuanguka. Dirisha hilo ni jembamba, hivyo si ajabu kutumia picha za miaka mitatu au minne kwa bonde moja. Barafuto za kale zilizoota msitu zina shida ya kinyume: picha huona vilele vya miti tu, ilhali leza hupenya kwenye mianya ya majani na kurudisha urefu wa ardhi yenyewe. Maumbo mengi ya kale yaliyo chini ya msitu hayakuonekana sawasawa hadi data ya leza ilipopatikana.

Baada ya kuona umbo linalofanana na barafuto ya mawe, inabaki kuuliza kama si kitu kingine. Moreni, yaani kifusi kilichoachwa na barafuto ya kawaida, nayo ina tuta lenye mpindo. Maporomoko ya ardhi nayo yana ulimi na ukingo wa mbele, ila juu yake kwa kawaida kuna kovu, pengo jabalini ambamo mzigo ulitoka kwa mara moja. Anayetatiza zaidi ni barafuto ya kawaida iliyofunikwa na vifusi, na hapa njia ninayoiamini kuliko zote ni kukata data ya mwinuko kwa upana, kutoka ukingo wa pembeni mmoja hadi wa pili, na kuangalia umbo la mkato huo. Barafuto iliyofunikwa na vifusi, inapoyeyuka, hushuka chini ya moreni zake za pembeni, na mkato wake hubonyea kama kijiko. Juu yake mna vidimbwi na kuta fupi za barafu tupu. Barafuto ya mawe iliyo hai imevimba, uso wake uko juu ya ardhi inayoizunguka, na imejaa hadi kingoni. Ile ya kale, iliyokwisha kupoteza barafu yake, imenywea katikati huku kingo zikibaki zimesimama. Mkato mmoja wa mita 200 unaweza kumaliza ubishi wa nusu saa. Si kila mara, lakini: zipo barafuto nyeupe zinazogeuka polepole kuwa za mawe sehemu za chini, na kwa hizo hakuna mahali pa kukata pasipo na ubishi.

Kisha mstari unachorwa, na ndipo maamuzi yanapoonyesha uzito wake. Je, kuta za mbele na za pembeni zihesabiwe ndani ya barafuto au zibaki nje? Mwongozo wa kimataifa unatambua mipaka ya aina mbili: mpana, unaopita kitakoni na kujumuisha kuta, na mfinyu, unaopita kileleni na kuziacha nje. Chukua mfano wa barafuto ndogo yenye umbo la mstatili, urefu mita 400 na upana mita 150. Kwa mpaka mpana eneo lake ni hekta 6. Kama ukuta una upana wa mita 30 kwa mbele na pande zote mbili, mpaka mfinyu unabakiza mita 370 kwa 90, yaani hekta 3.3. Karibu nusu ya barafuto imepotea bila mtu yeyote kukosea kipimo. Orodha mbili za milima miwili zikilinganishwa bila kujua kila moja ilifuata mpaka upi, tofauti inayoonekana inaweza kuwa ya wachoraji tu.

Upande wa juu ni mgumu zaidi, kwa sababu hapo mpaka haupo. Mawe huanguka kutoka jabalini, hujikusanya kama mafungu yenye umbo la pia, na mafungu hayo hushuka yakiingia taratibu ndani ya barafuto. Hakuna ukuta wala badiliko la rangi. Kuna mteremko tu unaolegea kidogo kidogo. Wengine huchora mstari pale tuta la kwanza linapoanza, wengine hupanda hadi kwenye mguu wa jabali. Eneo lilelile limewahi kupewa wachoraji kadhaa wenye uzoefu, na mistari yao ikatofautiana sana, zaidi kwenye upande huu wa juu na kwenye barafuto za kale zisizo na kingo kali. Kwa sababu hiyo mwongozo unashauri kuanza kwa kuweka nukta moja juu ya kila barafuto, kwa kuwa watu hukubaliana kwa urahisi kwamba kitu kipo kuliko kinakoishia, na mstari uje baadaye, pamoja na maelezo ya kiwango cha uhakika kwa kila upande wake.

Umbo linaeleza historia. Kujua kama barafuto inatembea leo ni swali jingine, na jibu lake hutafutwa kwa kulinganisha nyakati mbili. Barafuto hai huenda kwa desimita moja hadi mita kadhaa kwa mwaka, ya mpito huenda chini ya hapo, na ya kale imesimama. Tuseme barafuto inakwenda nusu mita kwa mwaka, na una picha mbili za angani zenye pikseli ya sentimita 25 zilizopishana miaka kumi. Mawe makubwa yatakuwa yamehama mita tano, pikseli 20 nzima, na kompyuta hufuata mpangilio wa mawe kutoka picha ya kwanza hadi ya pili bila taabu. Kwa picha za bure za setilaiti zenye pikseli ya mita kumi, mwendo huohuo wa miaka kumi ni nusu pikseli, na kuupima hapo kunahitaji uangalifu mkubwa. Rada ya setilaiti hupima mwendo wa sentimita kwa kulinganisha mawimbi ya mapito mawili, ila inaona tu mwendo unaoielekea au kuikimbia, na barafuto ikienda kasi kupita kiasi, vipimo vyake huvurugika.

Data mbili za mwinuko nazo hutolewa moja kutoka nyingine. Ukingo wa mbele unaosonga huonekana kama mkanda wa ongezeko, na matuta yanayohama huacha michirizi ya kupanda na kushuka iliyopishana. Lakini kabla ya kusoma michirizi hiyo, lazima data zote mbili zilaliane barabara. Zikipishana mita mbili tu kwa mlalo, kwenye mteremko wa digrii 35 kunazaliwa kosa la urefu la mita 1.4, na miteremko yote ya upande mmoja itaonekana imepanda huku ya upande wa pili ikishuka. Dalili hii ni rahisi kuigundua: angalia jabali tupu lililo nje ya barafuto, ambalo halikuenda popote. Likionekana limepanda, kazi irudiwe kabla ya kuandika neno lolote kuhusu kuyeyuka. Umuhimu wa mwendo umetambuliwa rasmi. Mwaka 2022 kasi ya barafuto za mawe iliingizwa kwenye vipimo vya msingi vya tabianchi vya dunia, chini ya kipengele cha mgando wa kudumu.

Mashine zimeanza kusaidia katika kutafuta. Njia za zamani za kompyuta, zilizotenganisha vitu kwa rangi, zilishindwa kwa sababu tuliyoanza nayo: mawe ya barafuto ni yaleyale ya mlima. Mifumo mipya hufundishwa kwa maelfu ya mistari iliyochorwa na watu na hujifunza mpangilio wa matuta na kingo. Kwa njia hiyo Uwanda wa Juu wa Tibet umepata orodha ya barafuto za mawe 44,273, nazo zilipitiwa na kurekebishwa kwa mkono. Kazi hiyo ya mkono haikwepeki. Mfumo uliofundishwa kwa mpaka mpana utachora mpaka mpana, na makosa ya walimu wake utayarudia kwa bidii mara elfu arobaini.

Kwa hiyo kinachohifadhiwa kwenye jedwali, kando ya kila poligoni, yaani umbo lililofungwa na mstari wa mpaka, ni sehemu ya ramani yenyewe: tarehe ya picha, ukubwa wa pikseli ya data ya mwinuko, mpaka ni mpana au mfinyu, kitu gani kinailisha kutoka juu, mwendo umepimwa kwa njia ipi au umekisiwa kwa umbo tu, na upande upi wa mstari una mashaka. Barafuto iliyolala nusu yake kivulini huandikwa hivyo, kwamba ukingo wa kushoto umechorwa kwa data ya mwinuko pekee, na atakayepata picha yenye mwanga mzuri zaidi ataanzia hapo.